Mwaka Tuliotenganisha Sahani

Mguu wangu ndio uliokumbuka kwanza. Nilifika nyumbani Jumamosi moja mchana, nimetoka Uvira ninakosomea uuguzi, vumbi la Sange bado liko kwenye nywele na kiuno kinauma kwa mashimo ya njia. Nikatua begi barazani, na kabla sijapiga hodi mguu wa kulia ukautafuta wenyewe ubao mdogo ulio chini, karibu na mlango. Nikaukanyaga. Bidoni la manjano, dumu la plastiki lililoning'inia juu, likainama na maji yakatiririka mikononi mwangu. Miaka imepita, rafiki yangu, lakini ubao ule bado unafanya kazi yake, ingawa aliyeutengeneza tulimzika Nyangezi.

Nyanya akatoka ndani amefungua mikono miwili, lakini hakunikumbatia. Alisimama akavitazama vidole vyangu.

"Pitisha sabuni na huku nyuma," akasema. "Ni weye unasoma bunganga, ao ni miye?"

Nikacheka, maana uuguzi wangu yeye huuita bunganga, nikapitisha sabuni nyuma ya mikono, ndipo akanikumbatia. Baadaye nilikwenda kuchota maji ya kunywa, nikaona kinachofunika pipa. Ni sahani. Sahani kubwa ya bati, nyeupe, yenye maua mekundu katikati na ukingo ulioambuka rangi mahali patatu. Nilisimama na kikombe mkononi nikaisahau kiu yangu. Kaa kidogo nikueleze habari za sahani hiyo.

Kwanza nikuambie kwamba kwetu Bukavu neno koko tunamwitia babu na tunamwitia nyanya pia, na mwenyewe anajua ni nani anayeitwa. Hapa nitaandika babu na nyanya ili usipotee. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, chini ya Nyawera, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona bati la jirani, na juu ya bati lile unaliona ziwa. Tulikuwa watu wanne. Mama alikuwa akiuza vitunguu na tomati sokoni Nyawera, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Nyanya alishughulika na nyumba na sisi wote. Babu alikuwa fundi mbao, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mabati matatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kula na babu.

Usidhani ninatania. Kwetu mjukuu wa kike ni bibi ya babu yake, maana bibi kwetu ni mke. Tangu nikiwa natambaa babu aliniita bibi yangu mudogo, na nyanya alijifanya ana wivu, akasema nimemnyang'anya bwana. Ikifika saa ya chakula nyanya alipakua kwenye sahani ile yenye maua, mlima wa bugali upande mmoja, mboga za sombe au lengalenga upande wa pili, na sambaza za kukaanga juu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wote wanne tulizunguka sahani hiyo moja juu ya mkeka. Mimi nilikaa kushoto kwa babu, kila siku, na hakuna aliyethubutu kunichukulia nafasi. Babu alikula polepole. Alimega, akachovya, na katikati ya mazungumzo yake kidole chake kikubwa kilichopasuka kwa kazi ya randa kilizisukuma sambaza mbili mpaka ukingoni, upande wangu. Hakunitazama alipofanya hivyo. Nilizila na vichwa vyake, na mpaka leo sambaza isiyo na kichwa naona haijakamilika.

Kabla ya kula tulinawa. Hapo palikuwa na utaratibu ambao pengine na kwenu ulikuwepo. Beseni moja la maji lilianza kwa babu, likaenda kwa nyanya, likaenda kwa mama, na mwisho likafika kwangu, mdogo wa nyumba. Likinifikia maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na vumbi la mbao linaelea juu. Hakuna aliyeona vibaya. Mgeni akija, naye alitia mikono humo humo, na kumletea maji yake peke yake kungekuwa kumtukana.

Halafu ikaja korona.

Tuliisikia kwanza redioni, ikiwa mbali, Ulaya, halafu Kinshasa. Siku moja mwalimu wetu akaingia darasani, akafuta hesabu alizoziandika mwenyewe muda mfupi uliopita, akasema twende nyumbani na madaftari yote. Tulipiga kelele za furaha mpaka barabarani. Mwalimu alibaki mlangoni akitutazama, hakutukemea, na hilo peke yake lingetosha kututia hofu kama tungekuwa na akili.

Nyumbani hapakuwa na furaha. Babu alikuwa na kifua. Miaka arobaini ya vumbi la mbao ilikuwa imemwingia, na alipopanda ngazi za udongo kutoka barabarani ulisikia filimbi ndani yake kabla hujamwona mwenyewe. Mwaka uliotangulia alilazwa wiki tatu, na daktari alimwambia nyanya waziwazi, mbele yangu, kwamba kifua hiki hakitavumilia ugonjwa mwingine. Kwa hiyo redio iliposema maradhi haya yanashika kifua, na kwamba wazee ndio yanaowamaliza, nyanya hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Alizima redio, akakunja kitenge chake kiunoni.

"Mu nyumba hii haitaingia," akasema. "Iende ku ingine."

Basi tukaanza kunawa. Redio ilisema mara nyingi, nasi tulinawa mara nyingi. Asubuhi, mchana, kabla ya sala, baada ya sala, ukigusa mlango unanawa. Nyanya alitununulia sabuni ya mawese, mche mzima, na tulijiona watu safi kupita mtaa wote. Na tulinawa katika beseni lile lile. Kwa babu, kwa nyanya, kwa mama aliyeshinda katikati ya umati wa Nyawera, kwangu, halafu maji hayo hayo yakingoja zamu nyingine, kwa kuwa bomba letu lilitoa maji siku mbili kwa wiki na mengine tuliyabeba kutoka chemchemi ya bondeni. Tulikuwa tunajigawia ugonjwa kwa bidii, mara kumi kwa siku, na tunamshukuru Mungu.

Jirani ndiye aliyetuona. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu, watu wake walitokea pwani zamani wakafanya biashara Uvira kabla ya kuhamia kwetu, na ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, mfupi kiasi cha kuegemea viwiko. Alikuwa ametoka kutawadha kwa birika yake ya bati. Alisimama pale ukutani akatutazama zamu nzima, mikono minne ndani ya beseni moja.

"Samahani, Mama," akamwambia nyanya. "Muko munafanya nini pale? Muko munagawanyana buchafu. Wa kwanza anaiacha ndani, wa mwisho anaivala."

Nyanya akanyooka. "Mu nyumba yangu batu bananawa kila saa."

"Naona. Lakini maji inapashwa kupita. Maji ya kusimama haisafishake mutu."

Nyanya aliudhika, aliingia ndani na mchana ule hakutoka tena. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye beji ya chama cha kina mama, na sasa anafundishwa kunawa mikono na mtu anayemzidi miaka kumi kwa ujana. Lakini nyanya alikuwa na sifa moja ambayo mimi sina, alijua kuudhika na kufikiri kwa wakati mmoja. Jioni aliniita akaniambia nipite kwa jirani nimwombe birika. Nikailetea nyumba yetu birika ile, na tangu siku hiyo maji yalipita.

Kumimina ikawa kazi yangu, na kazi hiyo ilinilewesha. Fikiria mtoto aliyezoea kunawa wa mwisho, kwenye maji ya rangi ya chai, sasa ndiye anayeshika birika, na mtu mzima hali mpaka yeye aridhike. Nilihesabu mpaka ishirini kwa sauti, kama redio ilivyotufundisha. Nilimrudisha mama mara mbili. Babu akaniita chef wa maji, yaani mkuu wa maji. Baada ya wiki moja aliona mkono wangu unatetemeka kwa uzito wa birika, akaingia karakanani na kutoka na ubao, kamba na bidoni tupu la mafuta. Ukikanyaga ubao, kamba inavuta, bidoni linainama, maji yanatoka kidogo, na mkono wako haugusi kitu. Watu wa mtaa walikuja kuutazama. Babu alitengeneza zingine kwa ajili ya nyumba sita, akiwa amefunga kashene, barakoa ya kitenge, puani, nyanya amesimama juu yake kuhakikisha haishushi.

Mambo mengine yakafuata, moja likivuta lingine. Nyanya aliitoa jikoni mbabula, jiko letu la makaa, akaiweka nje, chini ya mabati mawili, ili moshi wa makala usiguse kifua cha babu, nasi tukashangaa kwa nini tulikuwa tumekula moshi miaka yote hiyo. Barabara zilipobanwa makala yakawa adimu. Babu akasema ana vumbi la mbao magunia kwa magunia, ambalo limemharibia kifua na halijawahi kumsaidia kitu. Tukaloweka karatasi kuukuu, madaftari yangu ya mwaka uliopita yakiwemo, tukachanganya na vumbi lile, tukakamua kwa mikono ndani ya kibao chenye tundu alichokichonga, tukaanika juu ya bati. Mabonge hayo yakikauka yaliwaka taratibu na kupika maharagwe mpaka yakaiva. Maganda ya viazi na ndizi, tuliyokuwa tukiyatupa mferejini na mvua ikayapeleka ziwani, nyanya aliyafukia ndani ya magunia ya udongo kando ya ukuta. Humo zilimea lengalenga, vitunguu vya majani, tomati. Mama aliacha kuleta vitu kwenye sashe za plastiki, akarudia kikapu cha nyanya kilichokuwa kinalaza kuku. Alipofika kutoka sokoni alipitia nyuma ya nyumba, akaoga, akabadili kitenge, ndipo alipotusalimu, kwa sauti tu, kutoka mbali.

Nitakuambia ukweli, palikuwa na raha katika miezi ile. Nilijifunza kupanda. Nilijifunza majina ya mbao. Asubuhi tulikunywa maji ya mchaichai yaliyochemka na tangawizi, na harufu yake ilijaa barazani na kupanda mpaka kwa jirani. Hatukuugua tumbo mwaka ule hata mara moja, sisi ambao tumbo lilikuwa mgeni wa kila msimu wa mvua.

Lakini nyanya alikuwa bado hajamaliza. Jumapili moja, misa ikiwa redioni kwa kuwa kanisa lilifungwa, alipakua chakula kwenye sahani nne. Alitoa zile za plastiki tulizozitunza kwa ajili ya matanga. Kila mtu sahani yake, kikombe chake, kijiko cha mboga chake. Sahani yenye maua aliifuta, akaisimamisha juu ya kabati.

"Mupaka lini?" babu akauliza.

"Mupaka ipite."

Babu aliitazama sahani yake ya plastiki, nyekundu, ndogo. Alipewa na kiti chake, karibu na dirisha, ili hewa ipite. Sisi watatu tulibaki mkekani, mbalimbali. Alikula bila hadithi, na hilo nililiona, maana hadithi za babu zilikuwa zinatoka pamoja na matonge. Nilipoondoa vyombo nilikuta sambaza mbili pembeni ya sahani yake, hajazigusa. Nikawamwagia kuku wa jirani.

Kesho yake zilibaki tena mbili. Na kesho kutwa. Nyanya akaingiwa na hofu. Mtu anayebakiza samaki, alisema, mwili wake umeanza kukataa. Akachuma majani ya mubirizi, yale machungu yasiyosahaulika mdomoni, akayachemsha, na kila asubuhi babu alipewa kikombe kizima. Alikunja uso, akanywa. Sambaza ziliendelea kubaki.

Sasa nifike kwenye jioni ambayo kwa ajili yake nimekuandikia haya yote.

Ilikuwa kiangazi, wakati ule vumbi linapanda mpaka jua linakuwa jekundu kabla ya kuzama ziwani. Nyanya alikuwa amekwenda kumwekea jirani chakula ukutani, maana jirani alikuwa ameshikwa. Ndiyo, maradhi yalifika mpaka ukuta wetu. Alilala siku nyingi peke yake ndani, watoto wake wakiwa Uvira na njia imefungwa. Nyanya alimwekea mboga na uji kwenye kopo, akarudi nyuma hatua kumi, akasali rozari kwa sauti kubwa ili mwenzake asikie kwamba hayuko peke yake. Upande wa pili tulisikia kikohozi, halafu "Amina, Mama". Mzee mmoja wa juu ya mlima alikuwa amezikwa wiki ile bila matanga, watu watano tu kaburini. Mama bado alikuwa sokoni. Tulikuwa wawili ndani, mimi na babu, na chakula kimekwishapakuliwa.

Babu aliinuka kwenye kiti chake cha dirishani. Alikuja na sahani yake nyekundu, akakaa mkekani, pale alipozoea kukaa zamani. Filimbi ya kifua chake ilisikika wazi. Akapigapiga mkeka kushoto kwake.

"Bibi yangu," akasema, "kuya tukule pamoja. Leo tu."

Nikasimama. Nilikuwa na sahani yangu mkononi.

"Hapana, koko. Redio ilikatala."

"Redio haikulaka na miye."

"Ni juu ya kifua yako. Ukigonjwa itakuwa ni miye."

Aliitua sahani yake mkekani. Nilikuwa nimesimama wima, chef wa maji, mikono nyuma, na ninakiri kwako kwamba nilijisikia vizuri. Nilidhani hivyo ndivyo mtu mzima anavyopenda. Nyanya angenisifu. Babu akacheka kidogo, kicheko kilichokatwa na kikohozi.

"Haya," akasema. "Bibi yangu amenikatala."

Aliichukua sahani yake akarudi dirishani, akala akitazama nje. Mimi nilikula yangu upande wa pili wa chumba. Hakuniomba tena. Wala hakuniita tena bibi yangu mudogo. Labda aliniita, na mimi nimesahau, lakini nikiitafuta sauti yake ikisema neno hilo baada ya jioni ile, siipati.

Jirani alipona. Alitokea ukutani siku moja, amepungua nusu, akainua kopo la nyanya lililong'arishwa kwa majivu, na nyanya alilia kwa mara ya kwanza mwaka ule. Babu hakushikwa. Mama hakushikwa. Maradhi yalipita karibu yetu yakaenda, na nyanya anaamini mpaka leo kwamba ni maji yanayopita, mbabula ya nje na mubirizi. Siwezi kumbishia, na sina sababu ya kumbishia.

Shule zikafunguliwa. Mwalimu alikuwa amekonda, na tulipomzunguka alinyoosha mikono mbele ili tusimkumbatie, halafu akaishusha, akatuacha tumkumbatie. Nyawera watu wakaanza kushikana mikono, kwanza kwa viwiko na vicheko, halafu kama zamani. Kashene zikageuka vitambaa vya kufutia meza. Nyumbani kwetu magunia ya mboga yalibaki, mbabula ilibaki nje, ubao wa kukanyaga ulibaki. Hakuna aliyerudia beseni. Na hakuna aliyesema korona imepita, tuiteremshe sahani. Hapo ndipo tulipokosea, ikiwa ni kosa. Nyanya alisema mpaka ipite, lakini jambo kama hilo halipiti kwa siku moja ambayo mtu anaweza kuionyesha kwa kidole. Tulikwisha kuzoea. Mimi nilikuwa nimeingia sekondari, nakula na daftari kwenye mapaja, baadaye na simu. Babu alikula dirishani, na nyanya alikuwa bado anachemsha mubirizi.

Alifariki msimu wa mvua, miaka mitatu baadaye. Haikuwa korona, ilikuwa kifua tu, kama daktari alivyosema. Nilikuwa kwenye mitihani ya taifa. Tulimpeleka Nyangezi kwa watu wake, njia ikiwa tope tupu, na kaburini watu walijaa, wakatushika mikono wote, mmoja mmoja, mpaka vidole vikauma. Nilifikiri juu ya mzee yule wa mlimani aliyezikwa na watu watano. Babu alipata matanga kamili, na kwa ajili ya hilo ninaishukuru ile sheria ya nyanya.

Basi nirudi kwenye pipa la maji, nimesimama na kikombe. Nikaichukua sahani ile, nikakanyaga ubao, nikaisugua kwa sabuni mpaka maua yakang'aa, nikampelekea nyanya aliyekuwa anasonga bugali.

"Tutie humu," nikamwambia. "Tukule pamoja."

Aliitazama sahani, akanitazama mimi. Akapakua. Bugali upande mmoja, lengalenga za magunia yetu upande wa pili, sambaza juu. Tukanawa, tukakaa mkekani, mimi na yeye, mama akiwa bado Nyawera. Sikujua nikae wapi. Nikakaa pale nilipokuwa nakaa utotoni, nafasi ya babu ikiwa tupu kulia kwangu. Tulimega matonge ya kwanza, kisha nyanya akazitazama sambaza.

"Unakumbuka ile sambaza yenye koko yako alikuwa anabakisha?"

"Nakumbuka. Ni miye nilikuwa nasukula sahani."

"Nilizani ni mwili unakatala. Nikamukunywesha mubirizi miaka yote ile, masikini." Alimega tonge, hakulitia mdomoni. "Ku hospitali, mu siku za mwisho, nikamuuliza. Nikasema, Papa, kwa nini ulikuwa unakatala sambaza? Akasema hakuikatala. Ilikuwa ya bibi yake. Alisema utakuya kuitwaa siku yenye utachoka na bunganga yako."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba nilikuwa na mitihani, na baada ya mitihani kulikuwa na matanga, na baada ya matanga aliona huruma. Tonge langu nikalirudisha ukingoni. Nilizikumbuka sahani zote zile nyekundu nilizoziosha, na mahali zilipokaa sambaza zile mbili. Zilikuwa pembeni, daima, upande wa kushoto. Nilikuwa nimeziona kila siku kwa macho yangu na kuwamwagia kuku. Nililia mbele ya chakula, jambo ambalo nyanya halipendi, na safari hii hakunikemea.

Leo Uvira ninafundisha akina mama kunawa mikono. Ninawaambia maji yapite, ninahesabu mpaka ishirini, ninawachorea ubao wa babu kwenye karatasi, na wanautengeneza. Ninayaamini ninayoyasema. Katika mtaa wetu beseni la pamoja halipo tena, hata kwenye matanga, na sijutii. Sahani moja nayo haipo, kila nyumba watu wanakula mmoja mmoja, huyu mlangoni, huyu kitandani na simu yake, na watoto wadogo hawajui kwamba zamani ulikuwa na nafasi yako mkekani ambayo mtu hakuthubutu kuichukua. Hakuna aliyelipanga hilo. Lilitoka siku zile zile tulizokuwa tunajiokoa.

Ningeambiwa nirudie mwaka ule, ningefanya karibu yote kama tulivyofanya. Ningebeba birika, ningepanda lengalenga, ningekamua vumbi la mbao, ningemrudisha mama akanawe tena. Ni jioni ile moja tu. Babu angepigapiga mkeka na kuniita, nami ningetoka mpaka barazani, ningeukanyaga ubao wake mara mbili, ningenawa mpaka viwikoni, kisha ningerudi ndani nikae kushoto kwake.